JOSÉ RIZAL: DAKTARI ALIYEWAFUMBUA MACHO WAFILIPINO

Mlezi wa chama chetu alipotuambia kila mmoja wetu achague mtu mashuhuri aliyefariki zamani na kuandika maisha yake, wenzangu walikimbilia Kimathi, Mekatilili na Nkrumah. Kufumba na kufumbua majina yote niliyoyajua yalikuwa yameisha, nami nimebaki nimekodoa macho tu. Ndipo nikakumbuka swali moja lililokuwa limenikaa moyoni siku nyingi.

Nyumbani kwetu, mama hapendi kipindi chochote cha runinga kama ile michezo ya kuigiza ya Ufilipino. Ikianza, hata chai hutaletewa. Mimi nami nikawa natazama nikishangaa. Watu wenyewe ni Waasia kabisa, wanakula wali asubuhi, mchana na jioni, lakini majina yao ni Maria, Carlos, Ramón. Harusi ni kanisani, wakitukanana ni kwa lugha yao na katikati wanatia Kiingereza kama sisi tu. Sasa Mwasia ataitwaje Carlos? Katika kutafuta jibu la swali hilo nikakutana na huyu bwana aitwaye José Rizal, na tangu siku hiyo sijaweza kumwacha.

Lakini kabla sijamfikia, wacha nieleze nchi yake kidogo. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,000. Hapo kale watu waliishi katika vijiji vidogo vilivyoitwa barangay, kila kijiji kikiwa na mkuu wake aliyeitwa datu. Nyumba zao zilikuwa za mianzi na makuti, zimeinuliwa juu ya nguzo ili maji na wadudu wapite chini. Walikuwa na herufi zao wenyewe za kuandikia. Visiwa vya kusini tayari vilikuwa vimepokea Uislamu. Mwaka 1521 akatokea Ferdinand Magellan, Mreno aliyetumwa na mfalme wa Uhispania. Aliingilia ugomvi wa wenyeji na akauawa katika kisiwa cha Mactan na watu wa Lapulapu. Wahispania hawakukoma. Mwaka 1565 wakarudi, safari hii wakiwa wamekuja kukaa katika visiwa vilivyoitwa kwa jina la mfalme wao Felipe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikaa zaidi ya miaka 300.

Maisha yakabadilika. Watu waliokuwa wametawanyika walihamishwa wakae karibu na kanisa, mahali ambapo kengele ingesikika. Mwanamume alilazimishwa kufanya kazi za serikali siku 40 kila mwaka. Kila mwaka merikebu ilivuka bahari kuu kati ya Manila na Mexico, ikipeleka hariri ya Uchina na kurudi na fedha. Humo humo ndimo yalimokuja mahindi na tumbaku. Watu walipobatizwa, walichukua majina ya watakatifu, mpaka wakafanana majina na watoza kodi wakachanganyikiwa. Basi mwaka 1849 Gavana Clavería akatoa amri: kila familia ipewe jina la ukoo kutoka katika kitabu kimoja kikubwa kilichopangwa kwa alfabeti. Kurasa ziligawiwa wilaya na vijiji, hata mpaka leo kuna miji ambayo majina ya wenyeji wengi huanza kwa herufi moja. Kumbe! Swali langu likapata jibu hapo.

Na hata yeye Rizal alipata jina lake kwa amri hiyo hiyo. Babu wa babu zake alikuwa Mchina mfanyabiashara, na ukoo ulitumia jina Mercado, maana yake soko. Rizal liliongezwa baada ya ile amri ya gavana. Kumbuka jina hili, tutalirudia.

José alizaliwa tarehe 19 Juni 1861 katika mji wa Calamba, kando ya ziwa kubwa liitwalo Laguna de Bay. Alikuwa wa saba katika watoto kumi na mmoja. Baba yake, mzee Francisco, alilima mpunga na miwa na hakuwa maskini, kwani nyumba yao ilikuwa ya mawe. Lakini ardhi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa mali ya mapadre wa shirika la Dominiko, na wakazi wote wa Calamba walikuwa wapangaji tu wa kulipa kodi. Ukipanda miti, ukijenga nyumba, ukichimba mtaro, vyote viko juu ya shamba la mwingine. Tafadhali msomaji usilisahau jambo hili pia, maana ndilo lililoiumiza familia ile.

Mama yake, Bi. Teodora, alikuwa amesoma kuliko wanawake wengi wa wakati wake, naye ndiye aliyemfundisha herufi. Kuna hadithi ambayo Rizal mwenyewe aliisimulia baadaye. Usiku mmoja mama alikuwa akimsomea kisa cha nondo mdogo aliyeonywa na nondo mzee asiusogelee mwanga wa taa. Mdogo hakusikia, akaungua. Mtoto José badala ya kusikiliza onyo alikuwa akiwatazama nondo wa kweli waliokuwa wakizunguka taa pale mezani, na aliwaona kuwa wana bahati. Sisi tunaosomea koroboi nyumbani umeme ukipotea tunawajua hao nondo vizuri sana. Mimi huwafukuza na daftari.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mama huyo alikamatwa. Alisingiziwa kwamba alishirikiana na ndugu yake katika njama ya kumtilia sumu mke wa huyo ndugu. Badala ya kupelekwa kwa mashua, alilazimishwa kutembea kwa miguu hadi jela ya Santa Cruz, mwendo wa kilomita 50 hivi. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na hutembea kilomita nne kuja shule, nne kurudi, na jioni miguu huniwasha. Sasa mfikirie mama mzima, mwenye watoto wote wale, akiswagwa na askari hadharani. Alikaa jela miaka miwili na nusu hivi kabla ya kuonekana hana hatia.

Wakati huo huo, Januari 1872, askari na wafanyakazi wa Cavite waliasi. Uasi ulizimwa upesi, lakini serikali ikautumia kuwakamata wale iliowachukia. Mapadre watatu wazalendo, Gómez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani Manila tarehe 17 Februari 1872. Waliketishwa kwenye kiti chenye pete ya chuma inayokazwa shingoni. Kosa lao hasa ni kwamba walikuwa wakidai mapadre wenyeji wapewe parokia kama Wahispania. Sasa, kaka yake José aitwaye Paciano alikuwa amekaa na Padre Burgos na kuwa rafiki yake. Jina Mercado likawa jina la hatari. José alipokwenda kuandikishwa katika shule ya Wajesuti ya Ateneo kule Manila mwaka huo, aliandikwa Rizal. Yaani jina ambalo serikali iliwapa ili iwahesabu vizuri ndilo alilojifichia serikali hiyo hiyo. Nilipoelewa jambo hili nilicheka peke yangu.

Shuleni alikuwa moto. Darasa liligawanywa majeshi mawili, Warumi na Wakarthago, na mwanafunzi bora wa kila upande aliitwa kaisari. Rizal alianza nyuma kwa sababu Kihispania chake kilikuwa duni, lakini haukupita mwezi akawa kaisari. Alimaliza mwaka 1877 kwa alama za juu kabisa, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Santo Tomás. Macho ya mama yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na ndiyo maana akaamua kusomea udaktari.

Mei 1882 alitoroka. Ndiyo, alitoroka, maana wazazi hawakuambiwa. Ni Paciano aliyepanga safari na kuahidi kumtumia pesa. Meli ilipita Singapore, Colombo, Aden na mfereji wa Suez mpaka Ulaya. Naomba nitue hapa nimsifu Paciano kidogo, kwa sababu vitabu humtaja kwa mstari mmoja tu. Yeye alibaki shambani akilima miwa ili mdogo wake asome. Baadaye, vita vilipoanza, Paciano huyo huyo akawa jenerali. Kila mtu mashuhuri, ukichunguza, ana kaka au dada fulani aliyebaki nyumbani.

Madrid alisomea udaktari na falsafa, kisha akaenda Paris na Heidelberg kujifunza upasuaji wa macho kwa mabingwa. Huko Ulaya, Wafilipino waliandika na kuzungumza kwa uhuru ambao kwao haukuwapo. Ajabu ni kwamba mkoloni nyumbani kwake alikuwa na bunge na magazeti, ilhali kule visiwani padre wa parokia aliweza kuamua nani afukuzwe kijijini. Rizal aliliona jambo hili akaanza kuandika riwaya yake ya kwanza, Noli Me Tángere. Pesa za nyumbani zilichelewa, akashinda njaa huko Berlin, hata akafikiria kuutupa mswada motoni. Rafiki yake Máximo Viola akamkopesha peso 300, na mwaka 1887 nakala 2,000 zikachapishwa.

Riwaya yenyewe inamhusu kijana Ibarra anayerudi kutoka Ulaya akiwa na nia moja tu ya kujenga shule kijijini kwao. Shule tu! Lakini mapadre wenye nguvu hawataki, na mmoja wao, Padre Dámaso, anamwandama mpaka kila kitu kinaharibika. Kuna pia mama mmoja maskini, Sisa, ambaye wanawe wawili wanasingiziwa wizi kanisani, mmoja anapotea na mama anarukwa na akili. Kitabu kilipofika Manila kilipigwa marufuku, lakini watu walikisoma kwa siri milango ikiwa imefungwa.

Agosti 1887 Rizal alirudi nyumbani licha ya kuonywa. Akafungua zahanati Calamba akitibu macho, na wagonjwa walimiminika kutoka mbali. Lakini jambo la ardhi likamnasa. Serikali ilitaka kujua habari za mashamba ya mapadre, naye akawasaidia wanakijiji kuandika malalamiko yao: kodi inapanda, mavuno yanashuka, wanalipishwa hata ardhi waliyoifyeka wenyewe. Wapangaji walitia sahihi. Mapadre wakaghadhabika, na Februari 1888 ilimbidi Rizal aondoke nchini. Alipitia Hong Kong, Japani na Marekani hadi London. Huko alishinda maktabani akinakili kitabu cha kale kuhusu Ufilipino na kukitilia maelezo yake, ili kuonyesha kwamba watu wake walikuwa na ufundi, biashara na adabu zao kabla ya Wahispania kufika.

Huku nyuma kesi ya ardhi ilikwenda mpaka mahakama za juu, na Calamba ikashindwa. Mwaka 1890 na 1891 askari walikuja, wapangaji wakafukuzwa, nyumba zikabomolewa. Familia ya Rizal ilikuwa miongoni mwao. Wazee wake walitolewa katika nyumba aliyozaliwa, Paciano na mashemeji wakahamishiwa kisiwa kingine. Yeye alikuwa Ulaya, salama, akizisoma habari hizo kwenye barua. Mimi nadhani hili ndilo jeraha kubwa la maisha yake. Ni yeye aliyewashawishi waandike, na ni wao waliolipa. Riwaya yake ya pili, El Filibusterismo, iliyotoka Ghent huko Ubelgiji mwaka 1891, ina hasira na giza ambalo la kwanza halina. Ibarra anarudi humo akiwa amejibadilisha jina, ametajirika, na safari hii amebeba baruti wala si mpango wa shule. Kitabu hicho aliwatunukia wale mapadre watatu walionyongwa.

Rafiki zake walimwambia abaki ng'ambo. Hakukubali, kwa kuwa vita haviwezi kupiganiwa mbali na uwanja. Tarehe 26 Juni 1892 alishuka Manila, na Julai 3 akaanzisha chama cha La Liga Filipina cha kusaidiana na kutetea haki kwa amani. Siku tatu baadaye alikamatwa. Usiku wa Julai 7, habari za kuhamishwa kwake zilipoenea, karani mmoja wa ghala aitwaye Andrés Bonifacio aliunda na wenzake chama cha siri cha Katipunan. Hiki hakikuwa cha amani.

Rizal alipelekwa Dapitan, mji mdogo kaskazini mwa Mindanao, akakaa huko miaka minne. Mtu mwingine angekaa akinuna. Yeye alishinda sehemu ya zawadi ya bahati nasibu, akanunua shamba kando ya bahari, akajenga nyumba ya mianzi na shule ya wavulana. Karo hawakulipa kwa pesa, walifanya kazi shambani. Alichimba mifereji ya kuleta maji mjini. Alichora kwa udongo ramani kubwa ya Mindanao katika uwanja wa mji, na ipo hata leo. Alikusanya wadudu na wanyama akawapelekea wataalamu Ulaya, hata mjusi mmoja arukaye na chura mmoja wakaitwa kwa jina lake. Tajiri alipotibiwa macho alilipa vizuri, maskini alitibiwa bure. Mama yake naye alimpasua macho, akaona tena.

Kwa ajili ya macho pia akampata mpenzi. Mwaka 1895 mzee mmoja kipofu alikuja kutoka Hong Kong kutafuta matibabu, akiwa na binti aliyemlea, Josephine Bracken. Kanisa halikukubali kuwafungisha ndoa mpaka Rizal ayakane maandishi yake, basi wakaishi tu pamoja. Mtoto wao alizaliwa kabla ya wakati na hakuishi.

Mwaka 1896 Bonifacio alimtuma daktari mmoja kumwuliza kama vita vianze. Rizal alisema wakati haujafika, watu hawana silaha wala hawajajiandaa. Hapa ndipo wasomaji hugawanyika. Wako wanaosema shujaa wa kweli ni Bonifacio aliyeshika panga, si msomi aliyesita. Nami kwanza nilikuwa upande huo. Lakini mtu aliyewahi kuona kijiji kizima kikibomolewa kwa sababu ya barua aliyoiandika yeye, je, hatasita? Nilipofikiria hivyo sikuweza tena kumwita mwoga.

Aliomba kwenda Cuba kuwatibu askari wa Uhispania, akaruhusiwa. Akiwa njiani, Agosti 1896, mapinduzi yakalipuka. Alipofika Barcelona alitiwa ndani na kurudishwa Manila. Mahakama ya kijeshi ilikaa Desemba 26 na kumhukumu kifo kwa kuongoza uasi ambao kwa kweli aliukataa. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Usiku wa mwisho gerezani Fort Santiago, jamaa walikuja kumwaga. Dada yake Trinidad alipewa jiko dogo la spiriti kama kumbukumbu, akanong'onezewa kwa Kiingereza, ambacho walinzi hawakukijua, kwamba ndani kuna kitu. Kilikuwa shairi refu la kuiaga nchi yake, halina kichwa wala sahihi. Asubuhi ya Desemba 30, 1896 alitembea mpaka uwanja wa Bagumbayan. Waliompiga risasi walikuwa askari wenyeji, Wafilipino wenzake, na nyuma yao walisimama askari wa Kihispania wakiwa tayari kuwafyatulia wao kama wangekataa. Aliomba apigwe akiwa ameuelekea mstari wa askari. Akanyimwa, kwa maana msaliti hupigwa mgongoni. Risasi zilipolia alijigeuza, akaanguka uso ukitazama juu.

Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye, Juni 12, 1898, uhuru ulitangazwa. Lakini Uhispania ikawauzia Wamarekani visiwa kwa dola milioni 20, na vita vikaanza upya. Mwaka 1901 meli ilileta mamia ya walimu kutoka Marekani, na Kiingereza kikaingia darasani. Halafu Wajapani, 1942 hadi 1945. Uhuru kamili ukaja Julai 4, 1946. Wamarekani walipoacha magari yao ya kijeshi, wenyeji waliyarefusha, wakayapaka rangi za kila aina, wakayafanya ya abiria. Huitwa jeepney, na kwa ufupi ni matatu kabisa, hata kelele zake.

Sasa, kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nina lawama yangu moja. Riwaya zote mbili aliziandika kwa Kihispania, ambacho wakulima wenzake wa Calamba wengi hawakukijua. Sisa mwenyewe asingeweza kukisoma kisa chake! Rizal alilijua hilo. Alitafsiri tamthilia ya William Tell kwa Kitagalogi, akapendekeza kiandikwe kwa k na w badala ya tahajia ya Kihispania, na riwaya ya tatu aliianza kwa Kitagalogi. Hakuimaliza. Mwaka 1937 Kitagalogi kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya taifa. Kihispania kimefifia, na sheria ya mwaka 1956 inawataka wanafunzi wote wasome riwaya za Rizal, ambazo wengi wao huzisoma kwa tafsiri. Mtu aliyewapa taifa lao ni lazima afasiriwe ndipo wamwelewe.

Baada ya kuuawa, alizikwa kisirisiri bila jeneza katika makaburi ya Paco. Dada yake Narcisa alizunguka makaburini akitafuta udongo mbichi, akaupata, akamwomba mlinzi aweke jiwe lenye herufi R.P.J., herufi za jina lake zikiwa zimegeuzwa ili wakubwa wasitambue. Mwaka 1898 mifupa ilifukuliwa ikakaa na familia. Tarehe 30 Desemba 1912 ilizikwa kwa heshima katika uwanja ule ule alioangukia, na mnara ukasimamishwa juu yake. Bi. Teodora, yule aliyesoma kisa cha nondo, hakuwepo. Alikuwa amefariki Agosti ya mwaka uliotangulia.